Kwa Nini Wauguzi Walimmulika Tochi Machoni?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alianguka na bodaboda akaumia kichwa. Usiku kucha wauguzi walikuwa wakimfunua kope na kummulika tochi, ilhali macho yake hayakuwa na jeraha lolote. Walikuwa wakitafuta nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Walichokuwa wakichunguza ni ubongo wa kati, sehemu yenye urefu wa takriban sentimita 2 iliyo juu kabisa ya shina la ubongo (sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo), ambayo haiwezi kuguswa wala kuonekana kwa nje, lakini hali yake husomeka katika mboni za macho.

Mwanga ukiingia katika jicho moja, neva ya kuonea hupeleka taarifa hadi upande wa nyuma wa ubongo wa kati, na kutoka hapo amri hurudi kupitia neva ya tatu ya kichwa ya kila upande (ndiyo pia huinua kope), hivyo mboni zote mbili husinyaa, hata ya jicho ambalo halikumulikwa. Zikisinyaa upesi na kwa kulingana, njia hiyo ni nzima, kwenda na kurudi.

Damu ikivujia ndani ya fuvu, ambalo kwa mtu mzima halitanuki, ubongo hukosa nafasi, na sehemu yake ya pembeni husukumwa ndani na chini hadi ikaibana neva ya tatu na hatimaye ubongo wa kati wenyewe. Nyuzi zinazosinyaza mboni zimepita juu juu ya neva hiyo, kwa hiyo ndizo hubanwa mapema, na mboni ya upande mmoja, mara nyingi ule ulioumia, hutanuka na kuacha kuitikia mwanga. (Kisukari huidhuru neva hiyo hiyo zaidi katikati yake, ndiyo maana kope huanguka huku mboni mara nyingi ikibaki salama.) Kumulika mara moja hakutoshi, kwa kuwa mboni iliyokuwa sawa saa mbili usiku yaweza kutanuka saa nne, na hapo mgonjwa huhitaji kipimo cha CT (picha za ndani ya kichwa), na pengine upasuaji, bila kucheleweshwa hata kidogo.

Katika eneo hilo hilo, neva ya tatu inapita jirani na njia zinazopeleka amri za mwendo upande wa pili wa mwili. Kiharusi kidogo hapo humwacha mtu na kope iliyoanguka upande mmoja, mkono na mguu vikiwa vimepooza upande wa pili, hali ambayo daktari Hermann Weber aliieleza mwaka 1863.

Wapo watu wazima wa afya ambao mboni zao hupishana kidogo kwa ukubwa tangu zamani, na ikiwa mdogo wako ni mmoja wao, waambieni wauguzi mapema. Akisharuhusiwa kurudi nyumbani, kisha akawa mgumu kuamka, akatapika mara kwa mara, kichwa kikazidi kumuuma au mboni moja ikatanuka, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.