Shangazi, miaka 7 ya mkopo wa shule naihesabu kuanzia wapi?

"Shikamoo shangazi. Niko Kanada, digrii nilimaliza 2016 nikabaki na mkopo wa serikali dola 31,000, juu yake kuna dola 9,000 za benki na kadi ya mkopo imejaa mpaka juu. Jamaa yangu kaniambia miaka 7 ikipita unatangaza kufilisika na mkopo wa shule unafutika, na mimi nimeshapitisha. Ijumaa nina miadi na trasti wa ufilisi, yule anayesimamia mafaili ya watu wanaofilisika. Mke wangu hajui kitu, barua zote naficha kwenye boksi la viatu. Halafu 2021 nilirudi chuo miezi minne, Desemba nikamaliza, ila ile nilijilipia mwenyewe. – Mwenye Boksi"

Marahaba mwanangu. Sasa hako kakozi ulikokatupia mwishoni kama vile hakana maana, ndio kesi yote iko hapo.

Miaka 7 inahesabiwa tangu ulipoacha kuwa mwanafunzi, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Kanada ilishamaliza ubishi, inaangaliwa ile mara ya mwisho kabisa kuacha masomo, hata kama mara hiyo hukukopa senti. Kwa hiyo kama kozi yako inahesabika, saa yako imeanza upya Desemba 2021 na miaka 7 inatimia Desemba 2028. Ukifungua faili Ijumaa, deni la benki na kadi vitaondoka, lakini mkopo wa serikali utakusubiri mlangoni, na huwezi kusema basi nitangoje miaka itimie humo humo ndani, wanaangalia tarehe uliyofungua. Jamaa yako hakukudanganya, kakupa nusu ya habari, na hizo nusu nusu ndizo zinazoumiza watu.

Miadi usifute lakini. Muulize trasti kuhusu pendekezo kwa wadai, yaani unalipa sehemu tu ya deni kwa muda usiozidi miaka 5 na wadai wanakaa mbali na mshahara wako, labda hiyo inatosha kwa benki na kadi. Awe na leseni tu, hao "washauri wa madeni" wanaotaka hela kwanza hawana ruhusa ya kufungua hilo faili, waache. Pia ukiwa umeshafungua faili, ikifika miaka 5 tangu uache masomo unaweza kumwomba jaji akufutie mkopo wa shule kwa sababu ya hali ngumu, ila utabanwa maswali kweli kweli.

Kungoja nako hakukuli sana, maana sehemu ya mkopo ya serikali kuu haina riba tangu Aprili 2023, na kama kipato ni kidogo omba nafuu ya marejesho, ukikubaliwa unaweza hata usilipe kitu kwa miezi 6 halafu unaomba tena. Ila ukinyamaza miezi 9 hivi deni linapelekwa kwa watu wa kodi, na hao hawabembelezi.

Tarehe usiibahatishe, wapigie wa mikopo waulize rekodi yao inasema uliacha masomo lini. Na huyo mke wako, jamani, atajua tu! Leo usiku weka boksi mezani mfungue wote wawili, mwambie akushikie kalamu.