Kabla Hujanunua Skifu, Ijue Kwanza Namba Yake

Mwaka wangu wa kwanza na RS800, mashua ya mashindano ya watu wawili ya aina inayoitwa skifu, ulikuwa wa kustaajabisha kidogo. Katika mbio za Jumapili za klabu yetu, kwenye bwawa moja la kusini mwa Uingereza, mara nyingi nilikuwa wa kwanza kuvuka mstari wa kumalizia, na mara nyingi vilevile nilikuwa wa mwisho kwenye karatasi ya matokeo iliyobandikwa karibu na mlango wa kantini. Shemeji yangu, ambaye ndiye mwenzangu katika mashua hiyo, aliisoma karatasi ile wiki ya tatu akaniuliza, "Shemeji, hivi hawa wanatuonea, au sisi ndio hatujui?" Hatukuwa tunaonewa, lakini pia kosa halikuwa letu lote. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kununua mashua ya aina hii, kwa sababu maswali niliyoyauliza mimi baada ya kulipa fedha ni afadhali yeye ayaulize mapema.

Skifu ni mashua ndogo ya mashindano yenye uzito mdogo na tanga kubwa kupita kiasi. Jadi yake imekulia katika bandari ya Sydney, ambako mashua za futi 18 zimekuwa zikishindana tangu karne ya 19, na iliyo maarufu zaidi siku hizi ni 49er ya Mwaustralia Julian Bethwaite, ambayo iliingia Olimpiki mwaka 2000 hukohuko Sydney. RS800 ilibuniwa na Mwingereza Phil Morrison, ina urefu wa mita 4.8, na watu wote wawili huning'inia nje kwa trapizi, yaani waya unaoshuka kutoka juu ya mlingoti na kunaswa kwenye ndoano ya mkanda wa kiunoni, huku nyayo zikikanyaga ukingo wa bawa, yaani fremu inayotokeza ubavuni mwa mashua. Mtu aliyekulia Tanga kama mimi, ambaye utotoni aliwahi kutumwa akae juu ya mrengu wa ngalawa ili isilale, ataielewa kazi ya waya huo mara moja. Tofauti ni kwamba ngalawa ina matengo ya kukusamehe ukichelewa, na skifu haina.

Klabu nyingi za Uingereza hazina mashua za kutosha za aina moja, kwa hiyo aina zote huanza pamoja na matokeo hupatikana kwa hesabu ya kufidia kasi, ambayo wanamichezo huiita handikapu kama ilivyo katika gofu. Hesabu inayotumika zaidi ni Portsmouth Yardstick, iliyobuniwa na Zillwood Milledge miaka ya 1940, na ambayo leo inasimamiwa na RYA, shirikisho la mchezo wa mashua la Uingereza. Kila aina ya mashua hupewa namba. Ndogo ni ya mashua ya kasi, kubwa ni ya mashua ya pole. Muda halisi huzidishwa kwa 1000, kisha hugawanywa kwa namba hiyo. Namba hizo hupitiwa upya kila mwaka kutokana na matokeo yanayotumwa na klabu zenyewe, lakini kwa makadirio Optimist ya watoto iko juu ya 1600, ILCA 7, mashua ya mtu mmoja ambayo wengi bado tunaiita Laser, iko karibu na 1100, RS800 karibu na 800, na 49er karibu na 700.

Chukua 1100 na 800 tufanye hesabu. ILCA ikimaliza kwa dakika 55, muda wake uliorekebishwa ni dakika 50, na ili RS800 ifungane nayo lazima imalize kwa dakika 40 kamili. Siku ya upepo mzuri hilo si tatizo: ILCA ikitumia dakika 44 na sisi tukatumia 30, wao wanapata 40 na sisi tunapata 37 na nusu, tumeshinda. Siku ya shwari, ILCA ikitumia dakika 55 na sisi tukajikokota kwa 50, tumetangulia kwa dakika tano machoni pa watu wote waliosimama ufukweni, kumbe kwenye karatasi muda wetu ni dakika 62 na nusu, na tumeshindwa vibaya.

Sababu yake iko majini. Mashua inayolima maji, badala ya kuteleza juu yake, hutengeneza wimbi linaloifunga, na kasi ya wimbi hilo hutegemea urefu wa mashua ndani ya maji, si ukubwa wa tanga wala bei uliyolipa. Kwa ILCA kikomo hicho ni kama kilomita 8.8 kwa saa, na kwa RS800 ni kama 9.9. Tofauti hiyo ni asilimia 12 hivi, ilhali namba zinatudai tuwe na kasi zaidi kwa asilimia 37 na nusu. Deni hilo hatuwezi kulilipa mpaka upepo uzidi kilomita 20 hivi kwa saa, mashua ipande juu ya wimbi lake na kuteleza, hata wakati wa kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo. Namba moja iliyochapishwa ni wastani wa siku za shwari, siku za upepo, mabwawa na bahari, na wastani wa namna hiyo humfaa zaidi mwenye mashua ambayo tabia yake haibadiliki sana. Skifu ni mashua mbili tofauti katika ngozi moja.

Wamarekani wameliona jambo hili mapema: katika mfumo wao wa Portsmouth, mashua huwa na namba ya jumla na pia namba tofauti kwa viwango vinne vya nguvu ya upepo. Mimi naupendelea mfumo huo, ingawa najua mwamuzi aliyekaa kwenye boti baridi mwezi wa Februari hataki ugomvi kuhusu upepo ulikuwa wa kiwango cha pili au cha tatu.

Halafu kuna makosa yako mwenyewe, ambayo hutozwa riba. Sekunde 60 ukizipoteza katika ILCA, hesabu inakuhesabia sekunde 54 na nusu; katika RS800 zinakuwa 75, na katika 49er zinafika 86. Mapema msimu ule tulipinduka mbele ya boya la chini, lile la upande upepo unakoelekea, kwa sababu ya mazoea yangu ya zamani. Spinaka, tanga kubwa la mbele la kuteremkia na upepo, ilikuwa juu, upepo ukaja kwa kishindo, nami nikasukuma kana, mpini wa usukani, ili omo, pua ya mashua, ielekee upepo na tanga lipumue, kama nilivyofundishwa nikiwa mtoto. Katika skifu hilo ndilo kosa lenyewe. Kasi ya mashua hujizalishia upepo wake, kwa hiyo hata unapoteremka na upepo unausikia usoni, na upepo wa ghafla ukija lazima uelekeze omo chini, mbali na unakotoka, ukimbie nao. Mlingoti ulilala majini kabla sijamaliza kufikiri. Shemeji alibaki amening'inia kwenye waya juu yangu kama popo, akisema "subiri, subiri", sijui akimwambia nani. Tulitumia dakika tatu kuinuka, nazo zikaandikwa karibu dakika nne.

Bwawa lenyewe nalo huongeza gharama. Vipande vya njia kati ya boya na boya vikiwa vya mita 300, ndiyo kwanza umekwisha kuning'inia na kufunga kamba vizuri, tayari unatakiwa kugeuka. Na kwa kuwa skifu haiteremki moja kwa moja na upepo, bali hukata pembe huku na huku, kila mgeuko hula sekunde ambazo mwenye ILCA hazijui. Miti ya kingoni hukata upepo vipandevipande. Na katika mbio za kufukuzana, ambazo mashua za pole huanza kwanza na za kasi mwisho, yakini ujiandae kusubiri: ILCA ikipangiwa dakika 66, wewe unapangiwa 48, hivyo unasimama dakika 18 umeshika mashua inayorukaruka, ukitazama upepo bora wa asubuhi ukipita na wengine.

Nilichofanya, na ambacho namshauri mwingine akifanye, ni kununua daftari. Kila mbio naandika nguvu ya upepo, muda wetu, na muda wa ILCA mmoja ambaye nahodha wake hupiga mwendo uleule kila wiki. Uwiano wa nyakati hizo mbili unaniambia ukweli kuliko nafasi tuliyoshika. Ukikaribia 0.73 tumesafiri sawasawa na namba yetu. Baada ya msimu mzima nilipeleka daftari kwa kamati, kwa adabu na bila manung'uniko, kwa kuwa RYA yenyewe huziruhusu klabu kurekebisha namba zifae maji yao, na matokeo ya skifu ni machache kiasi kwamba kila klabu inayoyatuma inasaidia. Kamati haikubadilisha namba mwaka ule. Ilitupa kitu bora zaidi: mwanzo wetu tofauti pamoja na mashua nyingine za kasi, na njia ndefu yenye boya moja katikati ya bwawa, mbali na miti.

Pia tafuta mashindano ya aina moja, angalau mara mbili kwa mwaka, hasa ya baharini. Huko kuna fidia ya namna nyingine ninayoipenda zaidi: katika RS800 watu hupimwa uzito, kisha walio wepesi hupewa mbawa pana zaidi pamoja na vipande vya madini mazito ya risasi vya kubeba, na wazito mbawa nyembamba, ili wote wawe na nguvu zinazolingana dhidi ya upepo. Baada ya hapo anayetangulia ametangulia kweli, na hakuna haja ya kalkuleta.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, omba klabu ikuonyeshe matokeo ya miaka miwili na uyasome ukikumbuka upepo wa kila siku. Ikiwa maji yao ni madogo, ratiba yote ni ya mbio mchanganyiko na hakuna skifu nyingine uwanjani, nunua ILCA, au RS200 ya watu wawili isiyo na trapizi, uwe na amani. Ikiwa kuna nyingine mbili tu, zungumza na wenye nazo, na waulize kwanza kama wao nao wameshaomba mwanzo wao wenyewe.