Baba amenitishia laana nikitoa ushahidi. Je, nitakuwa nimemwasi?

SWALI

Assalaam alaykum, Shehe. Mimi ni binti wa miaka 26. Nyumbani ni kijiji kimoja wilaya ya Kondoa, ila nafundisha shule ya msingi hapa Dodoma. Kwetu hakuna jambo linalofanyika bila ruhusa ya baba. Unga anaufungia kwenye sanduku, ufunguo anatembea nao. Kila jioni akishampimia mama wa kupika, anausawazisha kwa kiganja na kuuchora mstari kwa kidole, ili ukiguswa ajue. Kadi yangu ya benki ameishika yeye tangu nilipoajiriwa, mwaka wa tatu sasa. Mdogo wangu aliyekuwa kidato cha pili alimwozesha mwaka jana kwa mtu aliyekuwa akimdai. Mtoto analia, mahari ikafuta deni. Mwezi uliopita alimpiga mama kwa mpini wa jembe akamvunja mkono. Hospitali tuliamriwa kusema ameteleza kisimani. Mjomba hakukubali, akaenda polisi, na mimi nimeitwa kuandika maelezo kwa sababu nilikuwepo. Baba amenipigia simu: "Ukikanyaga huko, radhi zangu huna, na laana yangu itakufuata mpaka kaburini." Imamu wetu naye kaniambia nimsitiri mzazi wangu. Nikisema kweli nitakuwa nimemwasi? Na laana hiyo itanipata?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakaatuh, binti yangu.

Nianze na lile unalolisubiri usiku na mchana: nenda ukaseme ulichokiona. Huo si uasi. Ni ibada, na ni katika zile ibada nzito ambazo Mwenyezi Mungu amezitaja kwa jina lake hasa. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 135, anasema, kwa maana yake: Enyi mlioamini, simamisheni uadilifu, muwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ni dhidi ya nafsi zenu, au wazazi, au jamaa wa karibu. Tazama mpangilio. Baada ya nafsi ya mtu mwenyewe, wa kwanza kutajwa ni wazazi. Aliyetuumba anajua kwamba hapo ndipo ulimi hukauka, kwa hiyo hakuliacha jambo hili tulikisie. Na mwisho wa aya anaonya kuhusu mwenye kupindisha ushahidi au kuukwepa, kwamba Yeye ana habari ya yote mnayoyatenda.

Aliyekwambia umsitiri baba yako simdharau. Ameisoma hadithi sahihi, kwamba anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Lakini sitara ni ya mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake, kosa ambalo halijamla mwingine. Mkono uliovunjika ni wa mama yako. Ni haki yake yeye, na mimi, wewe na imamu hatuna mamlaka ya kuisamehe kwa niaba yake. Ukinyamaza hutakuwa umemsitiri baba. Utakuwa umemwacha mama peke yake ndani ya nyumba ile, na yule mwenye ufunguo wa unga.

Wala usiogope kwamba kumsema ni kusengenya. Aya ya 148 ya sura hiyohiyo inasema Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Bi Hind binti Utba alikuja kwa Mtume (s.a.w.) kumshtaki mumewe, Abu Sufyan, kuwa ni bahili, hampi yeye na watoto wake cha kuwatosha. Mtume hakumwambia "sitiri nyumba yako". Alimsikiliza, kisha akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Naomba mama yako asomewe hadithi hii, imo katika Bukhari, ajue kwamba kuchota unga wa kulisha watoto si wizi, hata kama mstari utaharibika.

Sasa laana. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwetu huku neno radhi limegeuzwa kamba ya kuwafungia watoto. Ni kweli dua ya mzazi ni nzito. Imepokewa kwamba dua tatu hazirudi: ya aliyedhulumiwa, ya msafiri na ya mzazi. Baba yako anaikumbuka hii ya tatu na kuisahau ya kwanza, na mwenye dua ya kwanza amelala na bandeji chumbani kwake. Tena Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi iliyo kwenye kitabu cha Imamu Muslim, kwamba mja haachi kujibiwa maadamu hajaomba dhambi wala kukata udugu. Kumwapiza mwana kwa sababu amesema kweli ni kuomba dhambi. Mwenyezi Mungu hatumwi na dhalimu, binti yangu. Laana haifanyi kazi kama risasi, kwamba aliyeshika bunduki ndiye anayechagua nani afe. Inapita kwanza kwa Hakimu asiyedhulumu hata uzito wa chembe.

Na utii kwa mzazi una mpaka. Mtume (s.a.w.) alisema hakuna utii katika kumuasi Mwenyezi Mungu, utii ni katika mema tu. Surat Luqman, aya ya 15, inataja wazazi wanaomkazania mtoto amshirikishe Mungu, ikasema usiwatii, ila kaa nao duniani kwa wema. Nawe usimtii katika uongo wa kisimani, huku ukibaki na adabu yako.

Najua baba yako, kama wengi waliokaa mbele yangu, atataja aya ya 34 ya an-Nisaa, inayotaja mume kumpiga mke. Wanazuoni waliosema kuna pigo pale wamelifunga kwa masharti, lisiumize wala kuacha alama. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alipoulizwa na mwanafunzi wake Ataa alitaja mswaki. Na Bi Aisha anasema Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Mpini wa jembe haumo humo kabisa. Ni jinai katika dini, na ni jinai katika nchi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko.

Kuhusu mdogo wako, moyo wangu umeuma zaidi hapa. Khansaa binti Khidam aliozwa na baba yake bila kutaka, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikavunjwa. Msichana mwingine alisema baba yake kamwoza kwa mtoto wa ndugu yake ili hadhi iinuke kupitia yeye. Mtume akalirudisha jambo mkononi mwa msichana. Naye akasema: nimeridhia alichofanya baba, lakini nilitaka wanawake wajue kwamba akina baba hawana amri katika hili. Maneno hayo yana zaidi ya miaka elfu moja na mia nne, na bado Kondoa tunafuta madeni kwa watoto wa shule! Mahari nayo ni ya bibi harusi, si ya baba. An-Nisaa, aya ya 4. Tena mdogo wako alikuwa mwanafunzi. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Siku hiyohiyo utakapofika kituoni, liseme na hili kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na umtafute afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Usilichanganye na la mama likapotea humo.

Kadi ya benki: ichukue. Hukuniuliza, lakini umeitaja, na mtu hataji asichokiwaza. Kuna hadithi wanayoishika akina baba, "wewe na mali yako ni vya baba yako." Lakini Qur'ani inampa baba sehemu ya sita katika urithi wa mwanawe aliyeacha watoto. Kama mali yote ingekuwa yake, angerithi vipi sehemu ya sita ya kitu chake mwenyewe? Wanazuoni wameeleza kwamba baba huchukua kwa haja yake, bila kumdhuru mwana. Nenda benki na kitambulisho chako, ifungwe kadi hiyo, upewe nyingine na namba mpya ya siri. Wala usiache kuwatunza. Nunua mahindi na mafuta, umpelekee mama mahali ambapo ufunguo haufiki. Kwa mjomba, nadhani.

Zamani, nikiwa kijana katika kazi hii, niliwasuluhisha mke na mume fulani. Kila nikimuuliza mwanamke swali, alimtazama mumewe kwanza, ndipo ajibu kuwa hana tatizo. Nikaandika kuwa wamepatana. Nilisoma macho yale siku nyingi baadaye, alipofika kwetu usiku na watoto wawili bila viatu. Kwa hiyo mama yako asikilizwe peke yake, baba asiwepo chumbani. Na anayesema "subirini" kuhusu mkono uliovunjika, mimi simkubalii tena.

Vipi utazungumza na baba? Chukua kwa Nabii Ibrahim. Katika Surat Maryam anamwambia baba yake "ewe baba yangu" mara nne, anamkanya bila kumtukana. Baba akamtishia kumpiga mawe na kumfukuza. Jibu lake: amani iwe juu yako, nitakuombea msamaha kwa Mola wangu, kisha akajitenga nao. Wako ni Muislamu, mlango wa kumuombea uko wazi zaidi. Mtume (s.a.w.) alisema msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au akidhulumiwa, walipouliza dhalimu anasaidiwaje, akasema kwa kumzuia na dhulma. Akipiga simu tena, msalimie, mwambie unampenda na unamuombea, na ukate.

Kituoni sema ulichokiona kwa macho, mpini na mahali ulipopiga. Ulichokisikia kwa jirani kiite cha kusikia. Usimwongezee baba yako hata pigo moja, maana uadilifu wa aya ile ni wake pia. Uliza kama fomu ya PF3 ya mama, ile ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, imejazwa, na kama daktari aliandika ile habari ya kisima, ueleze nani aliiamuru. Usisafiri peke yako. Mke wangu hapa ana dada yake Kondoa mjini, amesema atakupokea stendi na kukaa nawe mpaka umalize kuandika. Nitumie tu siku na jina la basi.

Wallahu aalam.