Nta ya kunukia inakata harufu mapema? Angalia moto wako

Dada uliyeuliza kwa nini nta zako za kunukia, vile vipande vya nta tunavyoyeyusha kwenye kijisahani juu ya moto ili nyumba inukie, zinakata harufu siku ya pili ilhali kijisahani bado kimejaa, usikimbilie kusema umeuziwa feki. Nta yenyewe haipungui. Kinachopaa ni mafuta ya manukato yaliyochanganywa ndani yake, na yakishatoka utayeyusha nta tupu mpaka mwisho wa mwezi.

Mimi nimetupa hela hivyo hivyo. Nilikuwa na chombo cha udongo, mshumaa chini, na kijisahani juu karibu kiguse ulimi wa moto. Saa ya kwanza mpaka jirani anauliza kuna sherehe gani. Kesho yake kimya.

Aliyenifumbua macho ni bibi yangu wa Unguja, ambaye nta hizi hajawahi kuzitumia. Alitazama akasema, "Mjukuu wangu, hufukizi hapo, unaunguza." Yeye akitia udi chetezoni husubiri kaa lishike sawasawa, analifunika jivu jembamba, ndipo anaweka udi juu ya jivu. Udi wa kupika una sukari. Ukiuweka juu ya kaa jekundu nyumba inanuka sukari iliyoungua. Nikatafuta chombo kirefu zaidi, mshumaa ukawa mbali na kijisahani. Kipande kilichokuwa kinakwisha kwa siku moja sasa kinanifikisha siku nne, nikiwasha kwa muda wa saa mbili tu kila jioni. Baadaye nilinunua chombo cha umeme chenye balbu, kizuri zaidi, ila umeme ukikatika narudi kwenye mshumaa.

Feni nayo izime nusu saa ya mwanzo. Na kabla hujaongeza kipande, toka hadi dukani urudi, maana pua huzoea harufu na kukudanganya kwamba imekwisha.

Ukibadilisha, usiweke mpya juu ya ya zamani. Ikiwa bado majimaji, zima moto kisha inyonye kwa pamba. Au iache igande, weka kijisahani kwenye friza dakika chache, itabanduka yenyewe. Usiimwage kwenye sinki! Yangu iliganda ndani ya bomba, na fundi alinitoza hela ya kununulia nta za miezi mitatu.

Joto la Dar unalijua. Niliwahi kuacha pakiti mbili ndani ya gari mchana, nikiwa Kariakoo. Nilirudi nikakuta lavenda na vanila zimekuwa kitu kimoja, harufu ya keki iliyomwagiwa sabuni. Weka kabatini, kila moja na mfuko wake.

Kama umekaanga samaki, fungua madirisha kwanza. Nta juu ya shombo ni balaa jipya. Kwa shombo mimi bado nafukiza ubani, na bibi akiwapo hata kibiriti hanipi.