Upole wa snuka si kukosa upinzani

Umeuliza kama wachezaji wa snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, wana upinzani kweli, maana wanaonekana wapole mno. Wanao, tena mkali. Jimmy White alifungwa na Stephen Hendry katika fainali nne za dunia: 1990, 1992, 1993 na 1994. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma. Walikuwa sare ya fremu (raundi) 17-17 pale ukumbi wa Crucible, Sheffield, Uingereza, siku ya kuzaliwa ya White, naye anaongoza fremu ya mwisho. Akakosa mpira mweusi, mpira ambao yeye huupiga hata usingizini! Hendry akanyanyuka, akamaliza kazi. White alichofanya ni kumpa mkono na kutania kwamba jamaa ameanza kumkera.

Kitu kingine: mchezaji akigusa mpira kwa bahati mbaya, hata kwa shati tu, na refa hajaona, anatarajiwa ajitaje mwenyewe. Pointi zinakwenda kwa mpinzani, angalau nne. Mpira wa miguu ungekuwa hivyo, sijui nani angebaki uwanjani.

Tazama pia wachezaji Ronnie O'Sullivan na Judd Trump baada ya fainali ya dunia ya 2022, walivyokumbatiana muda mrefu kweli.