Mwanafunzi mpya wa Mombasa, Agosti utakuwa wapi?

Wadogo zangu mnaoanza masomo mwaka huu, Tudor na kwingineko, karibuni Mombasa. Nimesaidia kuhamasisha wanafunzi wajiandikishe kupiga kura, na nimekaa kituoni kama karani siku ya uchaguzi. Nayasema haya kwa sababu nimeyaona na yananiuma.

Utampigia nani hilo ni lako na Mola wako. Nikuulizalo mimi ni hili: siku ya kura utakuwa wapi? Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Vyuo mara nyingi hufungwa wakati huo. Mwanafunzi wa Kinango au Voi hujiandikisha chuoni kwa sababu meza ya maafisa iko karibu na kantini na wenzake wamepanga foleni. Agosti ikifika yuko kwao, kituo chake kiko chuoni Tudor, nauli hana. Na mtu hupiga kura pale alipoandikishwa tu.

Basi fikiri kabla ya kuweka kidole kwenye mashine. Kama umepanga chumba Kisauni au Likoni na maisha yako yatakuwa huko, jiandikishe huko. Kama kila likizo uko kwa wazazi, fanya hivyo kwenu. Nenda ofisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya eneo bunge na kitambulisho cha taifa au pasipoti ambayo muda wake haujaisha. Watachukua alama za vidole na picha, bila malipo. Usingoje dakika ya mwisho, kwani uandikishaji husimamishwa uchaguzi ukikaribia. Aliyejiandikisha kwingine asirudie, ni kosa la jinai. Anaomba tu kuhamishiwa kituo kingine. Na kama bado huna kitambulisho, hapo ndipo pa kuanzia, leo. Hapa Pwani wengi hukwama hapo.

Mwaka 2022 uchaguzi wa gavana wa Mombasa uliahirishwa kutoka tarehe 9 hadi 29 Agosti kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa na makosa. Aliyetoka mbali mara ya kwanza alitakiwa kujitafutia nauli tena. Aliyeandikishwa mtaani kwake alitembea tu. Mwaka huo huo, Mombasa waliopiga kura hawakufika hata nusu ya walioandikishwa, ilhali kitaifa walijitokeza kama asilimia 65. Mji wenye vyuo vingi hivi! Sikubali kwamba vijana wetu hawajali. Wengi hawakupangiwa, wala wao hawakupanga.

Kituoni utapewa karatasi sita: nyeupe ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, na ya rangi ya mchanga ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Kila moja ina debe lake, na kifuniko cha debe kina rangi ya karatasi yake. Nimewaona vijana wakimalizana na ya rais upesi, kisha wanaduwaa mbele ya ile ya mwisho kwa kuwa hawajui jina hata moja. Nasikitika, maana MCA ndiye anayekaa katika bunge la kaunti wakigawa pesa za basari ya kaunti, zahanati, soko, uzoaji taka na barabara ya mtaa unaolala. Mombasa ina wadi 30. Jua yako ni ipi, na wagombea wake uwasikilize wakija, hata kama wanachosha.

Kura zikishahesabiwa, fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni pa kituo. Pita uisome. Ukipenda kazi ya karani, IEBC huajiri makarani wa muda kila uchaguzi, na hakuna darasa zuri kama hilo.

Kisha kuna ile miaka mitano inayobaki. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha, ule wa kodi, kifungu kwa kifungu, wakaufafanulia wazazi wao, wakaandamana, Mombasa pia. Wapo waliouawa nchini, na rais akakataa kuutia saini. Bidii ile ile ya kusoma inahitajika kwenye bajeti ya kaunti, na huko vijana ni wachache mno. Makadirio hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kabla ya 30 Juni. Ibara ya 196 ya Katiba inalilazimu bunge hilo kuwashirikisha wananchi, kwa hivyo katikati ya tarehe hizo kuna vikao vya maoni. Ulizia ofisi ya wadi ni lini na wapi. Zungumza Kiswahili chako. Ni lugha rasmi.

Usiende kulalamika kwamba maji machafu yametuama. Taja njia kwa jina, uliza imetengewa shilingi ngapi na iko ukurasa gani. Wakikuzungusha, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua yenye tarehe, ipeleke mwenyewe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.