Walimu wapya, fanyeni karatasi hiyo wenyewe kwanza

Juzi jioni printa ya ofisi ya walimu haikupumzika. Mwalimu aliyeanza kazi mwaka huu alikuwa amesimama kando yake, simu mkononi, anahesabu karatasi zinavyotoka. Zilikuwa zimefika thelathini na mbili, na bado. Kesho yake alikuwa na kipindi cha hesabu, mada ya sehemu: nusu, theluthi, robo. Nikamuuliza zote hizo atazimaliza vipi ndani ya dakika arobaini. "Nitachagua hukohuko darasani, mwalimu. Si unaona picha zilivyo nzuri?" Nikaokota ya juu kabisa. Pembetatu kubwa, imekatwa kwa mistari mitatu ya kulala, vipande vinne, na chini yake maelekezo: Paka rangi robo ya umbo hili.

Pembetatu hiyo naijua. Niliwahi kuiingiza darasani kwa mikono yangu mwenyewe, na ndiyo iliyoniketisha niwaandikie ninyi mlioanza kazi juzijuzi. Habari za andalio la somo na azimio la kazi sizirudii, mmefundishwa chuoni na mnaziandika kila wiki. Nataka tuzungumze zana: mnazipata wapi, na mnazichuja vipi kabla hazijamfikia mtoto.

1. Anza na kosa la mtoto.

Wengi wenu mnaandika jina la mada mtandaoni, mnachukua kinachotokea juu. Kwa Kiswahili ukiandika "sehemu" peke yake utaletewa sehemu za mmea, sehemu za mwili na sehemu ya pili ya tamthilia. Ukiongeza "hesabu darasa la tatu" utapata nafuu kidogo, lakini bado hujasema unachokihitaji. Kabla ya kugusa simu, andika sentensi moja juu ya andalio lako: watoto wangu wanakosea hapa. Kwa mfano, "wanadhani theluthi ni kubwa kuliko nusu kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili." Sasa unajua unatafuta nini: kitu kitakachomwonyesha mtoto kwamba kizima kilekile kikigawanywa kwa wengi, kila mmoja anapata kidogo. Ukiwa na sentensi hiyo mkononi, karatasi ishirini na nane kati ya zile thelathini na mbili zinaanguka zenyewe.

Sentensi yenyewe huipati kwenye intaneti. Iko kwenye madaftari uliyosahihisha wiki iliyopita. Mimi nikisahihisha huwa nina kijidaftari pembeni, na kosa nililoliona kwa watoto watatu au zaidi naliandika humo kwa maneno yao wenyewe. Kijidaftari hicho kimenisaidia kuliko kiungo chochote nilichowahi kutumiwa.

2. Fanya kazi hiyo mwenyewe, kwa penseli, kabla ya kutoa fotokopi.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kazini, darasa la watoto hamsini na wawili. Nilikesha kwenye kompyuta nikapata karatasi yenye maumbo sita: duara, mraba, nyota, moyo, na mbili nyingine, mojawapo pembetatu hiyo. Ilikuwa safi, mistari minene, nafasi ya jina juu. Nikaitolea nakala bila kuifanya. Nilisoma tu maelekezo, nikaridhika.

Kipindi kilikwenda vizuri mno. Watoto walitulia wakipaka rangi, hata mwalimu mkuu aliyepita dirishani alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikawa napita kati ya madawati nikitia vema. Msichana mmoja wa dawati la tatu alikuwa hajapaka kitu kwenye pembetatu. Aliweka kidole kwenye kile kipande cha juu, kile chenye ncha, akasema, "Mwalimu, hiki ni kidogo."

Nikamwambia ahesabu vipande. Viko vingapi? "Vinne." Unatakiwa upake vingapi? "Kimoja." Basi hiyo ndiyo robo, paka. Akakitazama tena, akahamisha kidole hadi kipande cha chini kabisa, kile kipana. "Na hiki nacho ni robo?" Nikasema ndiyo, na umalizie, wenzako wamekwisha kumaliza. Akapaka cha juu. Nikamtia vema.

Wiki tatu baadaye tulikuwa kwenye vipimo. Nikawapa kila mmoja ukanda wa karatasi, nikasema: nichanieni robo. Mvulana wa mbele akachana ukanda wake vipande vinne, kimoja kirefu kama kidole cha kati, kingine kama ukucha. Akanipa kile cha ukucha, uso umejaa furaha. "Robo hii hapa." Nikageuka nyuma, na huko nako ni hivyohivyo. Darasa zima lilikuwa limechana vinne vya ukubwa wowote na kunyoosha kimojawapo. Hawakuwa wamesahau nilichowafundisha. Walikuwa wamekishika barabara.

Jioni ile nilitoa karatasi yangu kabatini, nikachukua rula na penseli, nikafanya nilichopaswa kufanya mwezi uliopita. Mistari ya pembetatu ile imeachana kwa nafasi sawa kutoka kileleni hadi kitako, ndiyo maana jicho la mtu mzima aliyechoka linaona usawa. Ukipima eneo, vipande vinakwenda kwa uwiano wa 1, 3, 5 na 7. Jumla 16. Kipande cha juu nilichokitia vema mara hamsini na mbili kikiitwa robo ni moja ya kumi na sita. Cha chini ni saba ya kumi na sita, karibu nusu ya umbo zima. Nikaangalia duara: limekatwa kwa mistari mitatu ya kusimama iliyoachana sawa. Nalo vilevile, vipande vya kati vinene, vya pembeni vyembamba. Kati ya maumbo sita, mraba peke yake ndio uliokuwa sahihi.

Mtoto wa dawati la tatu aliliona kwa macho yake hilo nililohitaji rula kuliona. Neno moja, "sawa", ndilo linalofanya sehemu iwe sehemu, na alikuwa amelifikia peke yake. Mimi nikamvuta kutoka kwenye kweli nikamrudisha kwenye karatasi.

Kurekebisha kulinichukua wiki mbili za vipindi, tukikunja kanda za karatasi, kukata, kulaza kipande juu ya kipande kuona kama kinafunika chote. Siku ya kwanza ya marekebisho nilisimama mbele nikamtaja yule msichana, nikasema alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Aliitikia kwa kichwa akaendelea kuandika. Lakini hadi muhula unaisha hakuninyoshea mkono tena. Hilo halina somo la marekebisho, na linanikaa moyoni mpaka leo.

Kwa hiyo sasa sitoi nakala ya kitu nisichokifanya. Naijaza karatasi yote kwa penseli, kwa mwendo wa mtoto, na kila swali najiuliza: je, mtoto anaweza kupata vema hapa bila kuelewa? Kwenye pembetatu ile jibu lilikuwa ndiyo, kwani kuhesabu hadi nne kulitosha. Karatasi ya namna hiyo haikuambii lolote juu ya mtoto wako, hata wakipata wote. Mara nyingine siitupi. Pembetatu ileile ninayo hadi leo na naitumia kila mwaka, ila swali nimelibadilisha: "Kuna mtu anasema hii ni robo. Unakubali? Kwa nini?" Darasa huwaka moto.

3. Usiamini chati kwa sababu ina rangi.

Bado naona ukutani chati za sayari tisa, na Pluto iliondolewa kwenye hesabu ya sayari tangu Agosti 2006. Bado naona mchoro wa ulimi uliogawanywa mitaa, utamu mbele, chumvi pembeni, uchungu nyuma. Ni mchoro uliozaliwa na usomaji mbaya wa utafiti wa mwaka 1901, na unakanushwa na punje ya chumvi: iweke kwenye ncha ya ulimi, utaionja palepale. Mnaona? Jaribio la nusu dakika, darasa zima linaweza kulifanya, na chati inabaki ukutani mwaka mzima bila mtu kulijaribu.

Na ramani. Ramani nyingi za bure bado ni za Mercator, aliyeichora mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia waliotaka kuchora safari yao kwa mstari ulionyooka. Kwa kazi hiyo ni nzuri. Kwa kulinganisha ukubwa inapotosha, kwa sababu kadiri unavyokaribia ncha za dunia ndivyo nchi zinavyovimba. Mtoto anaona Greenland na Afrika zinakaribiana, wakati Afrika ni kubwa takriban mara 14. Ukiwa na ramani hiyo tu, itumie, lakini weka tufe kando yake, hata la mpira uliochorwa kwa kalamu.

4. Zana ya kusomea haitafsiriki kama zana ya hesabu.

Mwalimu mmoja mpendwa wangu, mchapakazi kwelikweli, alitafsiri seti nzima ya kadi za herufi kutoka Kiingereza. Alikata, akagandisha kwenye maboksi, wiki nzima ya kazi. Kadi ya kwanza: herufi A, picha ya tunda jekundu, na chini yake neno "tofaa". Watoto walikuwa wakisoma kwa sauti kubwa, "A, tofaa!" Tulicheka pamoja hadi machozi, kisha tukakaa chini tukazipanga upya.

Tatizo lina kina kuliko picha. Kiingereza kina herufi tano za irabu zinazobeba sauti nyingi, ndiyo maana mbinu zao zina kanuni za herufi zisizotamkwa na maneno ya kukariri. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika popote ilipo. Mtoto wetu akishika silabi, anasoma. Ukimbebesha mashine iliyotengenezwa kutatua tatizo asilo nalo, unampotezea mwezi. Hadithi tafsirini mpendavyo, zinavuka vizuri. Kadi za kuanzia kusoma zitengenezeni wenyewe, kuanzia ba be bi bo bu.

5. Video: itazame hadi mwisho, zima kitufe kinacholeta video inayofuata, isimamishe kila dakika mbili tatu uulize swali, na ipakue nyumbani.

Kuhusu hilo la mwisho sitaki kubishana. Nimeona vipindi vingi mno vikiishia kwenye duara linalozunguka kwenye skrini huku watoto wakihesabu mizunguko.

6. Pa kutafuta.

TESSA, mpango wa elimu ya walimu Afrika kusini mwa Sahara, wana moduli za walimu wa msingi, na zipo kwa Kiswahili pia. Hadithi fupi zilizopangwa kwa ngazi za usomaji ziko kwenye tovuti za African Storybook na StoryWeaver, zote mbili zina za Kiswahili. PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ina majaribio ya sayansi na hesabu ambayo mtoto anasukuma vitu mwenyewe, na unaweza kuyapakua yakafanya kazi bila mtandao. Kwa shule isiyo na intaneti kuna programu mbili: Kiwix inabeba Wikipedia nzima kwenye kumbukumbu ndogo, na Kolibri inageuza kompyuta moja kuwa maktaba ambayo vifaa vya jirani vinaisoma. Picha tafuteni Wikimedia Commons.

Someni leseni, yaani ruhusa aliyoitoa mwenye kazi. Ni herufi chache tu: CC BY maana yake nakili, badili, tafsiri, ila mtaje mwenye kazi. Ukiona NC, usiuze. Ukiona ND, usisambaze ulichobadilisha, na tafsiri ni kubadilisha. Najua mnaharakisha, lakini mtu alikaa usiku akaitengeneza hiyo kazi kama wewe unavyokaa. Kuacha jina lake chini ya karatasi hakuchukui hata mstari mzima.

7. Andika nyuma ya zana baada ya kipindi.

Tarehe, darasa, na kilichotokea. "Swali la 4 limewachanganya." "Wamemaliza dakika kumi, ongeza." Flashi iliyojaa mafaili mia tano yanayoitwa "hesabu mpya" na "hesabu mpya 2" si hazina, maana hutaikumbuka hata moja mwakani. Bahasha yenye karatasi kumi zilizoandikwa nyuma ni hazina, na ukihama shule uiachie mwenzako.

Yule mwalimu wa printa, jana asubuhi nilimkuta ofisini kabla ya kengele. Zile thelathini na mbili zimebaki mbili. Pembetatu alikuwa ameipima kwa rula, namba zake zimeandikwa pembeni kwa penseli, na mezani kulikuwa na kanda za karatasi zilizokunjwa. Nusu zilimtoka vizuri, robo na thumni pia. Theluthi zilikuwa zimemkatalia, kila akikunja kipande cha tatu kinazidi. "Hii mwalimu unaifanyaje?" Nikavuta kiti. Usiikunje kwanza, nikamwambia, ipinde tu iwe kama herufi S ukiitazama kwa ubavu, uisogeze taratibu mpaka kingo zote zikutane, ndipo ubonyeze. Akajaribu. Ya pili ikakaa. Akachukua ukanda mwingine.